Theluthi ya Mwisho

Anayetoka gerezani kwa parole hutoka na karatasi. Niliiona moja barazani Kikuyu, hapa Dodoma, imekunjwa mara nne ndani ya bahasha ya kaki iliyolainika kwa jasho. Aishi mtaa uliotajwa, aripoti siku aliyopangiwa, asihame bila ruhusa. Mwenyewe alikuwa amepata kibarua cha zege Mtumba, na siku ya kuripoti iliangukia siku ya kazi. Tukakaa tukaandika barua ya kuomba ibadilishwe. Jirani aliyekuwa akitusikiliza aliniuliza kwa wasiwasi: huyu anachungwa na nani?

Huyu, mama, ana wa kumchunga. Mwenye kunitia hofu ni mwingine.

Sheria ya Bodi za Parole ya 1994, ilivyorekebishwa 2002, inamfaa mfungwa wa miaka minne au zaidi aliyekwisha kutumikia theluthi moja. Kifungo chake hakijaisha. Anakimalizia uraiani, na akivunja masharti anarudishwa ndani. Lakini sheria hiyo iliwaacha kando wafungwa wa maisha, wa dawa za kulevya na wa unyang'anyi wa kutumia silaha.

Mtazame huyu wa mwisho. Kosa lake lina kifungo kisichopungua miaka 30. Chini ya Sheria ya Magereza ya 1967, tabia njema humpunguzia theluthi, basi anatoka baada ya miaka 20 hivi, kifungo kimekwisha, hadaiwi kuripoti popote. Aliyeingia 2004 hajawahi kutuma pesa kwa simu. Hana kitambulisho cha NIDA, na bila hicho hasajili laini. Wazazi huenda wamekufa, shamba limegawanywa. Tuliyemwogopa kuliko wote ndiye tunayemwachia geti bila mtu wa kumpokea.

Wapo wanaosema aliyemaliza adhabu asiguswe tena, na nakubaliana nao. Marekani, kwa sheria ya 1984, mahakama za shirikisho huongeza kipindi cha uangalizi juu ya kifungo kilichotumikiwa chote. Kwangu hicho ni kifungo cha pili. Sisi hatuhitaji kuongeza hata siku moja. Theluthi ile tunayoisamehe tayari, sehemu yake itumikiwe nje chini ya uangalizi, hata kwa wale ambao parole imewafungia mlango.

Hata msamaha wa Rais unaweza kubeba masharti; Ibara ya 45 ya Katiba inasema hivyo. Tarehe 9 Desemba 2017, hapa hapa Dodoma, Uwanja wa Jamhuri, Rais Magufuli alitangaza msamaha uliowagusa wafungwa 8,157, na 1,828 kati yao watoke siku hiyo hiyo. Umati ule ulihitaji maafisa wa uangalizi wenye pikipiki na mafuta, wanaojua kila mmoja analala wapi usiku wa kwanza, na wa kumsindikiza NIDA kabla wiki haijaisha.