Kiti Kinapobana: Tuwatazame Wazee Wetu Safarini

Msimu wa Hija na Umra unapokaribia, familia zetu hushughulikia pasi, chanjo, ihramu na masurufu. Jambo moja husahaulika: mama wa miaka sabini atakaaje saa nyingi katika kiti ambacho goti lake linagusa kiti cha mbele? Tumeona vyema tulizungumze leo.

Kwamba viti vimebana si dhana tu. Nafasi hiyo hupimwa kutoka mgongo wa kiti kimoja hadi mgongo wa kile kinachofuata. Miongo kadhaa iliyopita ilikuwa kiasi cha inchi 35 katika daraja la kawaida. Leo mashirika mengi hutoa inchi 31 hivi, na baadhi ya yale ya nauli nafuu hushuka hadi 28. Upana nao umepungua. Boeing 777 ilipoanza kazi mwaka 1995, viti tisa kwa safu vilikuwa jambo la kawaida. Sasa ni kumi katika mashirika mengi, ilhali ndege ni ile ile.

Sababu yake ni biashara. Safu iliyoongezwa ni nauli iliyoongezwa, nasi wanunuzi hutazama bei kwanza. Kisha nafasi iliyopunguzwa huuzwa upya kwa anayeweza kulipia zaidi.

Huko Marekani jambo hili lilifika mahakamani. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa iliiamuru mamlaka ya usafiri wa anga iyatazame upya malalamiko ya abiria, na mwaka 2018 bunge likaitaka iweke kipimo cha chini cha viti. Hoja haikuwa raha peke yake. Kabla ya kuidhinishwa, aina ya ndege hutakiwa kuthibitisha kuwa abiria wote waweza kutoka kwa sekunde 90, nusu ya milango ikiwa imefungwa. Anayetembea kwa mkongojo atajinasuaje upesi hivyo?

Lipo pia suala la afya. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa safari ya saa nne au zaidi, mtu akiwa ameketi bila kujongea, huongeza takriban mara mbili uwezekano wa damu kuganda katika mishipa ya miguu. Kwa wengi hatari hiyo ni ndogo, lakini bonge la damu likipanda mapafuni huweza kuua.

Basi tufanyeje? Tunapokata tiketi, tumuulize wakala idadi ya saa za safari, si bei tu, na tumwombee mzee kiti cha kando ya njia. Mzigo usiwekwe miguuni pake. Kila baada ya saa moja ainuke kidogo, au azungushe vifundo na kukaza vigimbi akiwa ameketi. Anywe maji ya kutosha. Mjamzito, aliyefanyiwa upasuaji karibuni na aliyewahi kuganda damu wamwone daktari kabla ya safari. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikibana hata siku kadhaa baada ya kurejea, tusiseme ni uchovu. Twende hospitali mara moja.

Na kabla ya kulaza kiti, tugeuke kumtazama aliye nyuma. Huenda ni mama wa mwenzetu.

Mwenyezi Mungu awajaalie wasafiri wetu kwenda na kurudi salama.