Kijana wako anataka studio nyumbani? Anza na udongo, si sponji

Saa tatu usiku mjini Sumbawanga, baridi ya Juni imeshawarudisha watu majumbani. Baba anataka kusikiliza taarifa ya habari, mtoto mdogo amelala, na chumbani kwa kijana mdundo uleule unarudiwa kwa mara ya ishirini. Kesho jirani atapita bila kusalimia. Keshokutwa utamkuta kijana amebandika trei za mayai ukutani, na anakuomba hela ya sponji.

Hapo wazazi wengi huchagua moja kati ya mawili: kupiga marufuku, au kutoa hela ili amani irudi. Njia ya tatu ipo, na vifaa vyake vingi vinapatikana hapahapa Ufipa: udongo, majani makavu, mitumba na tyubu kuukuu za baiskeli. Ila kabla kijana hajashika mwiko wa fundi, kuna mambo mzazi anapaswa kuyaelewa. Mengine yanahusu muziki, mengine yanahusu uhai wake.

Kazi ni mbili, usizichanganye

Kuzuia sauti isitoke nje ni kazi moja. Kuondoa mwangwi ndani ya chumba ili sauti isikike safi kwenye maiki ni kazi nyingine. Kinachozuia sauti ni uzito na kuziba nyufa. Kinachomeza mwangwi ni kitu laini, kinene, chenye nafasi za hewa ndani yake.

Trei za mayai hazina uzito wala unene wa kutosha. Zinapunguza mwangwi kidogo tu, na jirani ataendelea kusikia kila kitu. Juu ya hayo ni karatasi kavu, na karatasi kavu hushika moto upesi.

Uzito tunao: udongo

Ukuta ukiwa mzito, sauti hupata shida kuutikisa. Ukizidisha uzito wake mara mbili, unapunguza sauti inayopita kwa takriban desibeli 5 hadi 6. Punguzo la desibeli 10 sikio hulisikia kama sauti imepungua kwa nusu. Ndiyo maana chumba cha matofali ya udongo yenye unene wa kutosha ni mwanzo mzuri kuliko chumba cha mbao au mabati.

Udongo si jambo geni Ufipa. Wazee wa huku walijenga tanuru ndefu za udongo za kuyeyushia chuma, kupita kimo cha mtu. Waliujua udongo, na waliujua moto.

Kama ukuta wa sasa ni mwembamba, fundi anaweza kujenga ukuta wa pili kwa ndani, akiacha nafasi ya sentimita 5 hivi bila kuta hizo mbili kugusana. Kwa kuwa ukuta huo haunyeshewi, matofali mabichi yaliyokauka vizuri yanatosha, mradi sakafu iwe imara na isiwe na unyevu. Hapo ndipo tunapoyatunza mazingira: tanuru la matofali ya kuchoma hula kuni nyingi, na kila tofali lisilochomwa linaacha mti umesimama.

Lipu nayo inaweza kuwa ya udongo. Changanya udongo wa mfinyanzi, mchanga, na majani makavu ya ngano au nyasi zilizokatwa fupifupi. Jaribu kwanza kwenye kipande kidogo cha ukuta na uache kikauke. Kikipasuka sana, ongeza mchanga. Kikimomonyoka kama vumbi ukikigusa, ongeza mfinyanzi.

Ziba nyufa kwanza

Hapa ndipo hela nyingi hupotea. Uwazi wa asilimia 1 tu ya eneo la ukuta hupitisha sauti kiasi kwamba ukuta mzima hauwezi kuzuia zaidi ya desibeli 20, hata ungekuwa mnene kama wa ngome. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, zima taa usiku, mtu mmoja asimame ndani na mwingine nje akiwa na tochi. Mwanga unapopenya, sauti nayo inapenya.

Mlango uwe wa mbao nzito, si ule ulio wazi katikati. Kata tyubu kuukuu za baiskeli au pikipiki vipande virefu, uvipigilie kuzunguka fremu ili mlango ukifungwa ubane mpira. Chini weka kizingiti chenye mpira pia. Dirishani tengeneza ubao mzito wa kufunika kwa ndani, wenye mpira pembeni, unaoondolewa kwa mkono. Dirisha lisijengewe wala kupigiliwa misumari, kwa sababu ndiyo njia ya pili ya kutokea mlango ukizibwa na moto.

Mitumba humeza mwangwi

Mwaka 1895, katika Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, mwalimu kijana wa fizikia aitwaye Wallace Sabine alipewa kazi ya kurekebisha ukumbi wa mihadhara ambao maneno yalikuwa hayasikiki. Sauti ilizunguka humo zaidi ya sekunde 5 kabla ya kufifia. Sabine alibeba mito ya viti kutoka ukumbi wa jirani, usiku baada ya usiku, akapima mwangwi unavyopungua kila mito ilipoongezwa. Elimu ya sauti ya kumbi inayotumika hadi leo ilianzia kwenye mito ile ya kukalia.

Kijana wako anaweza kufanya kama Sabine. Atengeneze fremu za mbao zenye kina cha sentimita 10, azijaze mitumba isiyovalika tena au mablanketi kuukuu, kisha azifunike kwa shuka au khanga. Asishindilie sana, maana hewa iliyo katikati ya nguo nayo ina kazi. Fremu nne hadi sita zinatosha kuanzia katika chumba kidogo: mbili nyuma ya mwimbaji, nyingine pande zote mbili za maiki, zikiwa mbali kidogo na ukuta. Akipiga kofi moja na kusikia mlio unaoning'inia, aongeze nyingine au azihamishe.

Achague nguo za pamba na sufi badala ya nailoni, na zifuliwe na kukauka kabisa kwanza. Pumba za mpunga kutoka bonde la Ziwa Rukwa ni rahisi kupata, lakini panya na wadudu huzipenda, na vumbi lake halifai kwa mwenye pumu. Nguo ni salama zaidi chumbani.

Bati wakati wa mvua

Kuanzia Novemba hadi Aprili, bati litashinda kila unachofanya. Dari husaidia, lakini usipandishe udongo wala mchanga juu ya dari ya kawaida, kwani inaweza kumwangukia aliye chini. Kama ni lazima kuongeza uzito huko, fundi aimarishe mbao kwanza. Njia isiyo na gharama ni kupanga ratiba: kiangazi warekodi sauti, masika waandike mashairi na kutengeneza midundo kwa hedifoni.

Sponji imeua watu

Sasa turudi kwenye ile hela ya sponji. Mwezi Februari 2003, katika ukumbi wa The Station huko Rhode Island, Marekani, fataki za jukwaani ziliwasha sponji iliyobandikwa ukutani kupunguza kelele. Watu 100 walikufa. Januari 2013, katika ukumbi wa Kiss mjini Santa Maria, Brazil, ikawa hivyohivyo: cheche zilifika kwenye sponji ya dari, na watu 242 wakapoteza maisha. Sponji ya magodoro ikiungua hutoa moshi wenye sumu kali, na wengi huangushwa na moshi kabla moto haujawafikia.

Nguo nazo huungua, tusidanganyane. Kwa hiyo studioni hapaingii mshumaa, kibatari wala sigara, hata umeme ukikatika. Soketi na waya za kuunganishia zikae wazi, zisifunikwe na nguo. Mlango ufunguke kwa nje, usiwe na komeo la nje. Udongo hauungui, na hiyo ni sababu nyingine ya kuanza nao.

Jiko la mkaa lisiingie kabisa

Hili ni letu sisi wa baridi. Chumba kilichozibwa vizuri kuzuia sauti kimezibwa pia kuzuia hewa. Jiko la mkaa humo ndani hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na kijana aliyevaa hedifoni atadhani anasinzia tu. Avae koti, ajifunike blanketi. Kila baada ya nusu saa hivi afungue mlango na dirisha. Kwa matumizi ya muda mrefu, fundi ajenge njia ya hewa yenye kona mbili na kitambaa ndani yake. Hewa itapita, sauti itapungua njiani.

Kaeni mezani

Studio ya namna hii haitazima kila mlio. Bezi nzito hupita hata penye ukuta mzuri, kwa hiyo makubaliano bado yanahitajika: saa za kurekodi, mwisho ni saa ngapi, na nani ataenda kwa jirani kumweleza mapema. Kumbuka na masikio ya kijana mwenyewe. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na mtoto desibeli 75.

Kisha Jumamosi moja, vaeni nguo za kazi mkakanyage udongo pamoja. Yeye awashe wimbo ndani, wewe uzunguke nje na kusikiliza sauti inatokea wapi. Mtoto anayejua kwamba mzazi wake alishika tope kwa ajili ya muziki wake, ukimwambia saa nne imefika, atakuelewa.