Jela kwa Maneno ya Mtandaoni

Julai 2024, katika siku chache tu, mahakama mbili za Afrika Mashariki ziliwatia hatiani vijana wawili wa umri mmoja, miaka 24. Wa kwanza ni mchoraji wa Rungwe mkoani Mbeya, aliyeonekana TikTok akichoma picha ya Rais Samia Suluhu Hassan. Alipewa miaka miwili jela au faini ya shilingi milioni tano. Watu wasiomjua wakamchangia mitandaoni, faini ikalipwa, akatoka. Wa pili ni wa Entebbe, Uganda. Yeye alimtusi Rais Yoweri Museveni na familia yake, pia kwenye TikTok. Alikiri kosa na kuomba msamaha. Hakimu akasema haonekani kujuta, akamfunga miaka sita.

Aliyechafuliwa jina ana njia ya madai: anafungua kesi, anathibitisha, analipwa fidia. Jinai ni jambo jingine kabisa. Hapo anayeshitaki ni dola yenyewe, ikiwa na polisi wake, waendesha mashtaka wake na mahabusu zake, na mshitakiwa anaweza kuishia gerezani. Kwa sababu ya uzito huo, sheria ya jinai hudaiwa ieleze kosa waziwazi, ili mwananchi wa kawaida ajue mapema nini kimekatazwa.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania, iliyoanza kutumika Septemba 1, 2015, inayumba hapo hapo. Kifungu chake cha 16 kinakataza kuchapisha taarifa za uongo, za kupotosha au zisizo sahihi kwa nia ya kukashifu, kutishia, kutukana au kudanganya umma. Maneno hayo yana upana wa kutosha kumzoa karibu yeyote anayebishana kuhusu siasa. Mwaka 2016 mkazi mmoja wa Arusha alihukumiwa miaka mitatu jela au faini ya shilingi milioni saba kwa sababu ya andiko la Facebook. Alipinga Rais John Magufuli kulinganishwa na Mwalimu Nyerere, na ndani yake akamwita "bwege". Hilo ni tusi, hakuna ubishi. Lakini ni maoni ya mtu, na maoni hayana ukweli wala uongo wa kupimwa mahakamani.

Arusha hiyohiyo ndiyo makao ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Desemba 5, 2014, majaji wake walitoa uamuzi katika kesi ya Lohé Issa Konaté, mhariri wa Burkina Faso aliyefungwa miezi 12 kwa makala kuhusu mwendesha mashtaka wa serikali. Walisema kumfunga mtu kwa kashfa ni adhabu iliyopitiliza, wakaiagiza Burkina Faso ibadilishe sheria yake. Wakaongeza kwamba viongozi wa umma hawana budi kuvumilia ukosoaji kuliko raia wa kawaida.

Kenya ilifika karibu na hapo kwa njia yake. Aprili 2016 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu alikibatilisha kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano, kwa kuwa maneno kama "kuudhi" na "usumbufu" hayakuwa na mipaka yoyote. Furaha haikudumu. Mwaka 2018 ikatungwa sheria mpya ya makosa ya mtandao, na kosa la kuchapisha uongo likarudi, safari hii likiwa na kifungo cha hadi miaka kumi. Uganda nayo ilifuata mkondo huo: Januari 2023 Mahakama ya Katiba ilifuta kifungu cha 25 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta, lakini Bunge lilikuwa limekwisha kuongeza makosa mengine mwaka 2022. Ni hayo yaliyomfunga kijana wa Entebbe.

Tena mara nyingi adhabu huanza kabla ya hukumu. Simu huchukuliwa, dhamana hucheleweshwa, mshukiwa husafirishwa mbali na nyumbani. Juni 2025 mwalimu na mwanablogu Albert Ojwang alikamatwa Homa Bay, Kenya, kwa sababu ya andiko la mtandaoni kuhusu Naibu Inspekta Jenerali wa Polisi, akapelekwa Nairobi, akafia mikononi mwa polisi. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Mwanapatholojia wa serikali aliyeuchunguza mwili alikuta jeraha la kichwa na dalili za kukabwa shingo, akasema hakujiumiza mwenyewe. Baadaye watu kadhaa, wakiwamo polisi, walishtakiwa kwa mauaji.

Hofu ya serikali kuhusu uchochezi si ya kupuuzwa. Rwanda ya 1994 inatosha kuonyesha redio inavyoweza kuwaelekeza wauaji. Mahakama ya Afrika ililiona hilo pia katika kesi ya Konaté, ndiyo maana iliacha nafasi ya kifungo kwa anayechochea mauaji au chuki. Makosa hayo yabaki katika jinai, tena yakiwa yamefafanuliwa. Kinachostahili kuondolewa na mabunge yetu ni tusi kwa kiongozi na ule "uongo" usio na mwathirika. Rais au waziri aliyekashifiwa ana mlango wa mahakama ya madai, ambako atapeleka ushahidi wake kama raia mwingine yeyote.