Msafara wa baiskeli unapoanza kupanda Kilema

Ukisimama kando ya barabara ya kupanda Kilema, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mnamo saa nane mchana, siku msafara wa baiskeli unapopita, utadhani watu hao hawajuani. Asubuhi waliondoka Same wakiwa mstari mmoja, gurudumu nyuma ya gurudumu. Sasa wa kwanza ameshapotelea kwenye migomba, wawili wanamfuata wakihema kwa mdomo, halafu barabara inakaa tupu robo saa nzima. Ndipo anatokea mmoja peke yake, mwendo wake sawasawa na wa bibi anayepanda na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. “Shikamoo, bibi.” “Marahaba, mwanangu. Pole na safari.” Kwa mwendo ule wana nafasi ya kuulizana mpaka habari za mvua.

Wengi wakiona hivyo husema kiongozi ni mbaya, amewaacha wenzake. Mimi ni fundi wa baiskeli na msindikizaji wa misafara, na nimeshawishika kinyume kabisa: kundi linalong'ang'ania kupanda Kilema kwa pamoja ndilo linalowaumiza watu wake. Tambarare ina sheria yake na mlima una yake, na maisha yote ya siku, tangu chai ya alfajiri hadi kufua kaptula jioni, yanategemea kujua sheria moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi.

Tuanze na tambarare. Kutoka Same kupita Mwanga hadi Himo ni yapata kilomita 80, milima ya Upare ikiwa mkono wa kulia, na adui mkubwa pale ni hewa. Ukinzani wake huongezeka kwa mraba wa kasi: ukiongeza mwendo mara mbili, hewa inakurudisha nyuma kwa nguvu mara nne. Mtu aliye mbele huipasua hewa hiyo na kuacha nyuma yake kivuli kisicho na upepo mkali. Anayemfuata kwa umbali wa mita moja hivi, kwa kasi ya kilomita 25 hadi 30 kwa saa, huokoa robo ya nguvu zake, mara nyingine zaidi. Ndiyo maana mstari una zamu. Wa mbele hukaa dakika chache, hutupa jicho nyuma, hujitoa pembeni na kurudi mkiani, na aliyekuwa wa pili hubeba upepo. Mwenye miguu ya kuzalisha wati 130 anaweza kusafiri siku nzima na mwenye wati 200, mradi mwenye nguvu asijionyeshe.

Mstari una lugha yake pia. Mkono ukishuka na kidole kikionyesha chini, kuna shimo. Kiganja kikifunguka nyuma ya mgongo, tunapunguza mwendo. Asiyeijua lugha hii hatakiwi kuwekwa katikati, kwa sababu aliye nyuma yake haoni barabara, anaona mgongo tu. Nami hukataa mistari mirefu. Barabara ile ina mabasi na malori ya Dar es Salaam usiku na mchana. Watu sita kwa mstari wanatosha, kisha liachwe pengo ambalo basi linaweza kuingia na kujihifadhi linapopisha gari lingine. Msafara wa watu ishirini waliobanana humlazimisha dereva achague kati yao na lori linalokuja mbele, na hapaswi kupewa uchaguzi huo.

Kisha mnafika Himo, mnakunja kushoto kuuelekea mlima, na ndani ya kilomita chache upepo haukuhusu tena. Kinachokuvuta sasa ni uzito wako mwenyewe. Chukua mtu wa kilo 70 na baiskeli, maji na mkoba, jumla kilo 90. Kwenye mwinuko wa asilimia 7, mwenye wati 200 atapanda kwa kilomita 10 hivi kwa saa, na mwenye wati 130 kwa kilomita 6 au 7. Katika kupanda kilomita 10 tu, nusu saa inawatenga. Na kwa mwendo huo hakuna kivuli cha upepo cha kujificha. Kumfuata mwenzako kwa karibu hakukusaidii lolote zaidi ya kukunyima nafasi ya kukwepa jiwe.

Anayejilazimisha kwenda na wenye nguvu hulipa gharama mahali asipopaona. Kila mwili una kiwango cha kazi ambacho ukikivuka, pumzi inabadilika, maneno hayatoki tena kwa sentensi, na misuli inaanza kuchoma sukari yake ya akiba kwa haraka. Akiba hiyo, iliyo kwenye misuli na ini, ni kalori 2,000 hivi kwa mtu aliyekula vizuri, na asubuhi tambarare ilishakula sehemu yake. Ikiisha, mtu hachoki polepole. Anakatika. Miguu inakuwa ya mtu mwingine, mikono inatetemeka, na hasira inakuja bila sababu. Safari yangu ya kwanza ya kuongoza niliamuru wote tupande pamoja, kwa moyo mwema kabisa. Kijana mmoja aliona haya kusema anashindwa, akafuata, na tukamkuta amekaa chini ya mringaringa akilia, hajui kwa nini analia. Hakuwa mgonjwa wala mwoga. Alihitaji ndizi tatu na ruhusa ya kwenda mwendo wake. Tangu siku ile, pale Himo huwa nasema wazi: kuanzia hapa kila mtu ajipime kwa pumzi. Kama huwezi kumjibu bibi salamu kwa sentensi nzima, punguza gia.

Ndizi nimezitaja kwa sababu hesabu yake ni nzuri. Kuinua kilo 90 kwa mita 100 za kimo, ukizingatia kwamba mwili hugeuza robo tu ya chakula kuwa kazi na nyingine yote kuwa joto, hugharimu karibu kalori 90. Ndizi mbivu moja ya wastani ina kiasi kama hicho. Kwa hiyo kila mita 100 unazopanda zinakudai ndizi moja, na deni hili hulipwa kabla. Anayesubiri njaa amechelewa. Ninapendelea kisukari, ndogo, zenye ganda jembamba, zinazokaa mfukoni mwa fulana na kuliwa kwa mkono mmoja. Maharage ya mchana nayakataza bila kuona haya, maana tumbo lililojaa gesi haliinami juu ya usukani.

Maji nayo yanataka uangalizi wake. Tambarare ya Mwanga ina jua linalokausha jasho kabla hujaliona, kwa hiyo watu hudhani hawatoki jasho. Nusu lita hadi robo tatu ya lita kwa saa inawatosha wengi, na chumvi kidogo kwenye chakula. Kunywa maji matupu kupita kiasi nako ni hatari, kwani huizimua chumvi ya damu, na dalili zake, kichwa kuuma na kichefuchefu, hufanana na za kukosa maji. Mkifika juu mtakutana na mifongo, mifereji ambayo Wachaga waliichimba kuleta maji ya mlimani hadi kwenye vihamba, mashamba yao ya nyumbani. Inapendeza kuloweka kitambaa na kujifuta shingo. Ya kunywa yachemshwe.

Kuhusu mahali pa kukalia, watu huniuliza kwa kunong'ona, na wala hakuna sababu ya kunong'ona. Michubuko ya makalio imerudisha watu wengi nyumbani kuliko pancha. Kaptula yenye sponji huvaliwa bila chupi, kwa kuwa mshono wa chupi ndio unaochana ngozi. Paka mafuta mazito kabla ya kuanza. Ukifika, vua mara moja, oga, fua, anika ndani nje. Kaptula mbili zinatosha safari ya mwezi kama kila jioni moja inafuliwa. Kina dada wanajua faida ya kanga moja mkobani: ni pazia la kubadilishia nguo, ni stara porini, ni taulo, na usiku ni shuka. Kiongozi mwanamume anayepanga vituo asisubiri kuombwa. Aweke kituo chenye choo kila saa mbili, kwa sababu anayejizuia kunywa ili asisumbue kundi ndiye atakayeugua kesho.

Kazi hii ya kupanga msafara haikuanza leo. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann alitoka Rabai, karibu na Mombasa, tarehe 27 Aprili, kwa miguu, katika msafara ulioongozwa na Bwana Kheri. Tarehe 11 Mei aliona theluji ya Kilimanjaro, na huku Kilema akapokewa na Mangi Masaki, mtawala wa huko. Vitabu vinakumbuka theluji. Mimi nafikiria zaidi kazi ya Bwana Kheri: nani abebe nini, maji yako wapi, tulale kwa nani, kesho tuondoke saa ngapi. Kazi hiyo haijabadilika. Tour d'Afrique, msafara ulioanza mwaka 2003 kutoka Cairo hadi Cape Town, safari ya yapata kilomita 12,000 kwa miezi minne, hupita Arusha na kupumzika hapo. Kuna gari la kubeba mahema, kituo cha chakula njiani, na kila jioni kikao kifupi cha kueleza njia ya kesho. Wenzetu wanaoendesha baiskeli kutoka Dar es Salaam hadi Butiama kumuenzi Mwalimu Nyerere nao huishi kwa ratiba. Na Mwalimu mwenyewe mwaka 1967 alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza kuunga mkono Azimio la Arusha, kwa hiyo wanaomwendea kwa jasho wanamwendea kwa njia aliyoielewa.

Kikao cha jioni ndicho kinachoruhusu watu watengane mchana. Kama kila mmoja anajua njia panda ziko wapi, mahali pa kusubiriana, namba ya simu ya msindikizaji na saa ya giza, basi kupanda peke yako ni kujitegemea, hakuna aliyetelekezwa. Tunaweka pia mtu wa mkiani, aliyechaguliwa kwa subira yake, mwenye pampu, viraka na tyubu za akiba, ambaye kazi yake ni kutompita mtu yeyote. Nampa heshima zaidi kuliko anayefika kwanza.

Wanaofika Kilema mapema wasisubiri kula. Misuli hujaza akiba yake kwa kasi zaidi katika saa ya kwanza baada ya kazi. Kikombe cha mtori hapo hapo, ndizi na nyama na chumvi na maji katika bakuli moja, kinashinda unga wowote wa kopo unaouzwa kwa wanamichezo. Wachaga humpa mtori mama aliyejifungua, na wana sababu. Chakula kikubwa ndicho kinachosubiri wote. Mbege, pombe ya ndizi, nayo ingoje usiku ambao kesho yake hakuna safari.

Kuna wanaotaka kuendelea juu. Njia ya Kilema, ambayo magari ya uokoaji huitumia kufika kambi ya Horombo, sasa inaruhusu baiskeli kwa utaratibu wa hifadhi. Hapo nabadilisha sheria tena. Horombo iko mita 3,720, na shinikizo la hewa ni karibu theluthi mbili tu ya lile la pwani. Anayebaki nyuma kule huenda hajachoka, huenda anaumwa kimo, na moja ya dalili za mwanzo za ubongo kukosa hewa ni mtu kusisitiza kwamba yuko sawa. Kwa hiyo kule hakuna anayepanda peke yake. Tunakwenda wawili wawili, kila mmoja akimchunguza mwenzake: anajibu vizuri? Anapepesuka akisukuma baiskeli? Amekataa chakula? Maumivu ya kichwa yakiambatana na kuyumba, ni kushuka, usiku huohuo, bila mjadala. Na juu ya mita 3,000 kimo cha kulala kisiongezwe zaidi ya mita 500 hivi kwa usiku, jambo ambalo Horombo hulivunja ukitokea vijijini moja kwa moja. Anayetaka kupita hapo alale siku mbili.

Kushuka ndiko kunakonitia wasiwasi mimi kama fundi. Nguvu yote uliyoipandisha inarudi kama joto. Kilo 90 zikishuka mita 1,000, nishati yake ingetosha kuchemsha lita mbili na nusu za maji. Sehemu inachukuliwa na hewa, nyingine inaingia kwenye breki. Anayeogopa hubana breki kidogo kidogo njia nzima akishuka kwa mwendo wa wastani, na huyo ndiye anayezipasha zaidi, kwa kuwa kwa mwendo huo hewa haimsaidii vya kutosha na breki hazipati nafasi ya kupoa. Bora kuachia pale barabara inaponyooka, kubana kwa nguvu kabla ya kona, kuachia tena, na kusimama kila baada ya muda. Kwenye breki za rimu joto hufika mpaka kwenye tyubu, na gundi ya kiraka kilichobandikwa jana hulegea. Usiku wa kabla ya kushuka nakagua tyubu zote, na zenye viraka vipya nazihamishia kwenye mikoba, nafunga zisizo na kiraka. Watu washuke kwa kuachana mita 50, maana kuna watoto wa shule, bodaboda, na udongo mwekundu uliosombwa na mvua kwenye kona, unaoteleza kama sabuni.

Himo mkifika, wote husimama kuhesabiana na kupapasa spoki karibu na rimu, kuona kama zimepoa. Kama ni Julai na mnarudi Same, kusi inawasubiri usoni. Aliye na zamu anasogea mbele, anainua mkono, na wengine wanajipanga nyuma yake, mita moja moja.