Kamera za Filamu Haziuzwi kwa Belo

Katika soko la Karume jijini Dar es Salaam, hatua chache kutoka Kariakoo, belo la mitumba lina bei mbili. Likiwa limefungwa, mnunuzi hajui kama ndani kuna nguo nzuri au matambara, kwa hiyo anatoa bei yenye tahadhari. Likishafunguliwa na kuchambuliwa, kila nguo inapata thamani yake, na faida inamwendea aliyechambua. Mchuuzi yeyote anaijua kanuni hii. Lakini studio ya picha ya zamani inapofungwa pale katikati ya jiji, au warithi wanapokuta kabatini kamera, lenzi, flashi na mashine ya kukuzia picha, kanuni husahaulika: dalali anaitwa, anatupa jicho, anataja bei moja ya vyote, mzigo unapakiwa. Huko ni kuuza belo lililofungwa, na gharama ya kutojua kilichomo inabebwa na mwenye mali.

Wengi hudhani ukongwe wenyewe ni thamani. Sivyo. Zenit-E za Kisovieti zilitengenezwa kwa mamilioni, na wingi huo unazishusha bei hata zikiwa nzima. Yashica-Mat 124G, iliyotengenezwa Japani kuanzia 1970 hadi 1986, hutumia filamu ya 120 ambayo bado inazalishwa, kwa hiyo anayeinunua leo anaweza kuipigia picha kesho. Kamera ya Polaroid ya picha za pasipoti inaweza kuwa na umri mdogo zaidi na isiwe na hitilafu yoyote, lakini Polaroid ilitangaza kuacha kutengeneza filamu zake mwaka 2008, na mwaka 2016 Fujifilm ikatangaza mwisho wa FP-100C, filamu ya kubandua iliyokuwa imeziba pengo hilo. Lenzi nazo zina soko lao: lenzi ya Nikon au Pentax hufungwa kwenye kamera nyingi za kidijitali kwa kutumia adapta, hivyo mwili wa kamera ukifa, lenzi inaweza kubaki hai. Bei moja ya jumla huvizika vitu hivi vyote katika kaburi moja.

Baada ya kuchambua, inafuata kupima. Joto na unyevu wa Dar es Salaam hulea kuvu ndani ya lenzi, hasa zilizokaa miaka kwenye mikoba ya ngozi. Elekeza mwanga wa tochi upande mmoja wa lenzi na utazame upande wa pili: nyuzi kama za buibui ni dalili ya kuvu. Weka shata kwenye sekunde moja na usikilize; ikivuta muda au ikikwama, huenda grisi imeganda. Kipima mwanga nacho kisihukumiwe haraka. Cha Yashica-Mat 124G kilibuniwa kwa betri ya zebaki ya volti 1.35, ilhali betri za alikali za leo huanza na volti 1.5, kwa hiyo kinaweza kudanganya bila kuwa kibovu. Yote haya yaandikwe, kamera moja moja, pamoja na picha za kasoro. Lenzi isifunguliwe na mtu asiye fundi wake, maana mkwaruzo haufutiki.

Wapo watakaosema kwamba kutaja kasoro ni kujipunguzia bei. Ukweli ni kwamba kasoro isiyotajwa hushusha bei ya kila kitu mezani, kwa kuwa mnunuzi huwazia ubaya hata palipo pazuri. Wengine watasema wateja wa filamu wameisha. Viwanda vinaonyesha vinginevyo: Leica iliirudisha M6 sokoni mwaka 2022, na mwaka 2024 Ricoh ikatoa Pentax 17, kamera mpya kabisa ya filamu. Mnunuzi huenda hayupo Mtaa wa Kongo, Kariakoo, lakini maelezo ya kuaminika humfikia popote alipo. Pingamizi lenye uzito ni la muda: familia yenye shida ya fedha haiwezi kungoja miezi. Hapo nakubali, ila uchambuzi ni kazi ya siku mbili tatu. Vilivyo bora vitolewe na kuuzwa kimoja kimoja, na vya kawaida apewe dalali kwa jumla.

Kimoja tu kisiingie kwenye mzigo wowote: negativu. Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, Unguja, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, inajulikana leo kwa picha za Zanzibar ya zamani zilizohifadhiwa humo, wala si kwa kamera zilizozipiga. Kamera ya aina ileile hupatikana kwingine. Uso wa bibi harusi uliopigwa Dar es Salaam mwaka 1968 unaweza kuwa kwenye kipande kimoja tu cha filamu, na ni wa familia yake kabla ya kuwa wa mnunuzi. Kwa hiyo uchambuzi uanze kwa kuyatoa maboksi ya negativu na kuyaweka pakavu. Bei ya kamera ijadiliwe baada ya hapo.