Kitambi, Nyonga na Kisukari: Mafuta Yanapokaa Mahali Pasipofaa

Mkulima wa zabibu wa Hombolo, kaskazini mashariki mwa jiji la Dodoma, aweza kupanda mizani ya zahanati, akaonekana ana kilo 65, akaambiwa uzito wake ni mzuri na kurudi nyumbani akiwa na amani. Mikono yake ni myembamba na miguu yake ni ya mtu wa jembe. Kilichobadilika ni tumbo, na mkanda wa suruali ambao siku hizi hufungwa chini ya kitovu. Mizani haikumdanganya; ila hupima kilo pasipo kujua mafuta yamekaa wapi.

Mwaka 1947 daktari Mfaransa Jean Vague, wa Marseille, alieleza kuwa wanene si wa namna moja. Waliojaza mafuta sehemu ya juu ya mwili na tumboni ndio waliokuwa wakiandamwa na kisukari na maradhi ya mishipa ya damu, kuliko waliojaza nyonga na mapaja. Ilipita miongo kadhaa kabla hoja yake haijapewa uzito uliostahili.

Mafuta ya chini ya ngozi, hasa ya nyonga na mapaja, hufanana na kihenge kizima. Chakula kikizidi mahitaji, ziada huhifadhiwa humo bila kudhuru. Kihenge kikijaa, au kikiwa kidogo tangu mwanzo, magunia huanza kulundikwa jikoni na hata juu ya kitanda. Ndivyo mafuta yanavyojipenyeza kati ya utumbo, ndani ya ini, ndani ya misuli na kwenye kongosho. Damu itokayo kwenye mafuta ya utumbo hupelekwa moja kwa moja kwenye ini, ikiwa imebeba asidi za mafuta na kemikali zinazochochea uvimbe mdogo mdogo usio na maumivu. Mchango wa kila njia ungali ukibishaniwa na wataalamu, lakini matokeo yanajulikana. Ini lililojaa mafuta huacha kuitikia insulini ipasavyo na kuendelea kutengeneza glukosi usiku kucha, hata kama mtu hajala. Misuli nayo hushindwa kuipokea glukosi hiyo. Hali hii ndiyo ukinzani wa insulini.

Kongosho hujibu kwa kutoa insulini nyingi zaidi. Kwa miaka kadhaa kipimo cha sukari chaweza kuonekana cha kawaida, huku chembe zinazotengeneza insulini zikielemewa. Zinapochoka, sukari hupanda, na kisukari cha aina ya pili huwa kimeingia.

Kuna ushahidi mmoja ambao wahudumu wa afya wa Tanzania waliuona kwa macho yao. Baadhi ya watu wenye VVU waliotumia dawa ya stavudini walikonda mashavu, mikono na mapaja, na wengine sukari zao zikavurugika. Waliopoteza ghala la chini ya ngozi hawakupata nafuu kwa kukonda. Shirika la Afya Duniani lilishauri dawa hiyo iondolewe hatua kwa hatua mwaka 2009.

Utafiti wa profesa Donald McLarty na wenzake, uliochapishwa mwaka 1989, ulikuta kisukari kwa watu wazima chini ya mmoja katika kila mia kwenye vijiji sita vya Tanzania. Upimaji wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takriban tisa katika kila mia kwa watu wa miaka 25 hadi 64. Mbinu na maeneo vilitofautiana, hivyo namba hizo hazilingani moja kwa moja. Hata hivyo pengo hilo si la kupuuzwa.

Kiuno hupimwa kwa futi ya fundi cherehani, katikati ya ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, mtu akiwa amesimama na ametoa pumzi kwa kawaida. Kipimo kisichukuliwe juu ya khanga nzito, wala tumbo lisivutwe ndani. Wanaume wengi hulivuta bila kujua. Mipaka iliyozoeleka, sentimita 94 kwa mwanaume na 80 kwa mwanamke, iliazimwa kutoka Ulaya. Uchambuzi wa mwaka 2017 wa watu zaidi ya 24,000 katika nchi nane za Afrika kusini mwa Sahara ulipendekeza takriban sentimita 81 kwa jinsia zote mbili. Mkulima mwenye kiuno cha sentimita 88 ni salama kwa namba ya kwanza na yumo hatarini kwa ya pili. Penye shaka, njia rahisi ni kukumbuka kwamba kiuno kisifikie nusu ya urefu: mwenye sentimita 160 asifikie 80.

Mwanamke mwenye nyonga pana na kiuno chembamba hana sababu ya kutishwa kwa ajili ya umbo lake. Baada ya kukoma hedhi, hata hivyo, mafuta huelekea kuhamia tumboni, na kiuno chake kipimwe upya.

Mafuta ya ini huwa miongoni mwa ya kwanza kupungua mtu anapopunguza uzito. Katika jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka 2002, watu waliokuwa ukingoni mwa kisukari walilenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi, kama kutembea kwa kasi, dakika 150 kwa wiki. Wapya waliopata kisukari walipungua kwa asilimia 58. Mkulima wa kiuno cha sentimita 88 apimwe sukari asubuhi kabla ya kula. Ikifika 7.0 kwa kipimo cha milimoli kwa lita naye hana dalili, kipimo kirudiwe siku nyingine kabla ya kumwambia kuwa ana kisukari.