Mtoto Akianguka au Kugongwa: Dalili za Hatari Kichwani, Kifuani na Tumboni

Msimu wa maembe ukifika, sisi wauguzi tunajua watakaoletwa: watoto walioanguka mtini. Miezi mingine huletwa walioteleza, waliogongwa na bodaboda, au waliojigonga tumbo kwenye usukani wa baiskeli. Wengi hupona kwa uangalizi wa nyumbani. Wachache wana jeraha la ndani, na hao ndio ninataka ujue kuwatambua.

Namkumbuka mtoto mmoja wa miaka 6. Alianguka kutoka kwenye mwembe asubuhi, akalia kidogo, akarudi kucheza. Mama yake alimkagua, hakuona damu wala uvimbe, akamshukuru Mungu. Jioni mtoto alikataa chakula, akajikunja ameshika tumbo, viganja vikawa vyeupe na vya baridi. Hospitali iligundua kuwa bandama imepasuka na damu inavujia tumboni. Alipona kwa sababu bibi yake alikataa kusubiri mpaka asubuhi.

Baadaye mama yule aliniuliza, "Nesi, ningejuaje, na hakuwa na hata mchubuko?" Ninayoandika hapa ni jibu langu kwake, na kwako pia.

Kwa nini jeraha la mtoto hujificha

Kichwa cha mtoto mdogo ni kikubwa na kizito ukilinganisha na mwili wake, hivyo akianguka mara nyingi kichwa ndicho hutangulia. Mbavu zake ni laini na hupinda bila kuvunjika, kwa hiyo pafu linaweza kuumia huku kifua kwa nje kikionekana kizima. Ini na bandama havikingwi vizuri na mbavu kama kwa mtu mzima, na misuli ya tumbo bado ni myembamba.

Jambo jingine ni damu. Mtoto wa kilo 10 ana damu kama mililita 800 tu mwilini, yaani haifiki lita moja. Kikombe kimoja cha chai kikivujia tumboni, amepoteza karibu theluthi ya damu yake. Mwili wake hujitahidi kuvumilia, moyo hukimbia, naye anaweza kuendelea kuongea na wewe. Kisha hali hubadilika ghafla. Ndiyo maana hatusubiri mpaka azimie.

Mpeleke hospitali hata kama haoni maumivu

- Mtoto wa chini ya mwaka 1 aliyegonga kichwa.
- Aliyeanguka kutoka juu kuliko kimo chake, kwa mfano mtini, darini au ghorofani.
- Aliyegongwa na gari, bajaji au pikipiki.
- Aliyepigwa teke na mnyama, au kuangukiwa na kitu kizito kama kabati au televisheni.
- Aliyejigonga tumbo kwa nguvu kwenye usukani wa baiskeli.

Dalili za hatari

*Kichwa*
- Alipoteza fahamu, hata kwa muda mfupi.
- Anatapika zaidi ya mara moja.
- Ana usingizi usio wa kawaida, au ni vigumu kumwamsha.
- Amepata degedege.
- Maji maji au damu vinatoka puani au masikioni.
- Mboni moja ya jicho ni kubwa kuliko nyingine, au mkono au mguu wa upande mmoja umelegea.
- Kichwa kinamuuma na maumivu yanazidi, au anaongea bila mpangilio.
- Kwa mtoto mchanga: utosi umevimba, analia bila kunyamaza, au hataki kunyonya.

*Kifua*
- Anapumua haraka. Hesabu pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akifikisha 50, au wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha 40, anapumua haraka mno.
- Kifua kinabonyea kwa ndani anapovuta pumzi, au anakoroma kila anapotoa pumzi.
- Midomo au ulimi umekuwa wa bluu au kijivu.
- Anakohoa damu.

*Tumbo*
- Tumbo linavimba, limekuwa gumu, au hataki liguswe.
- Anatapika damu au matapishi ya kijani.
- Mkojo au kinyesi kina damu.
- Analalamika bega la kushoto linamuuma na hakuliumiza. Damu ya bandama inaweza kuleta maumivu hayo.
- Viganja, midomo na sehemu ya ndani ya kope vimepauka, mikono ni ya baridi, anatoka jasho.

Dalili moja tu inatosha kukuondoa nyumbani. Usisubiri ya pili.

Fanya haya

1. Kama hapumui vizuri au hana fahamu, piga kelele upate msaada. Angalia kama kuna kitu mdomoni kinachoonekana, kitoe. Akiwa anapumua, mlaze ubavu, ukigeuza kichwa, shingo na mwili kwa pamoja.
2. Damu ikitoka, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia. Kama unahisi mfupa wa kichwa umebonyea, funika tu, usikandamize.
3. Kama ameanguka kutoka juu au amegongwa na chombo, shingo yake isipindwe. Watu wawili au zaidi wamwinue kwa pamoja, alazwe kwenye ubao au kitu kingine kilichonyooka. Tafuta gari au bajaji, maana pikipiki itamtikisa.
4. Mfunike kwa kanga au blanketi asipate baridi.

Usifanye haya

- Usimpe chakula, maziwa wala maji kama ana dalili ya hatari. Huenda akahitaji upasuaji.
- Usimkande tumbo kwa maji ya moto wala kulichua.
- Usimtikise wala kummwagia maji ili azinduke.
- Usichomoe kitu kilichomchoma. Kizungushie kitambaa kisicheze.
- Utumbo ukitoka nje, usiurudishe. Funika kwa kitambaa safi chenye unyevu.
- Usimpe aspirini, diklofenaki au aibuprofeni. Zinaweza kuongeza kutoka damu.

Ukifika hospitali

Utaona tunaanza na njia ya hewa, kisha kupumua, kisha damu na mapigo ya moyo, kisha fahamu. Tutamvua nguo zote, kwa sababu jeraha linaweza kuwa mgongoni. Tutamwita jina na kuangalia kama anaitikia. Anaweza kuwekewa oksijeni na dripu, kupigwa altrasaundi ya tumbo au eksirei ya kifua, na pengine kupewa rufaa kwenda kwenye kipimo cha sitiskani ya kichwa. Ndugu wanaweza kuombwa kuchangia damu.

Usiogope ukisikia bandama au ini limeumia. Watoto wengi wa namna hiyo hupona kwa kulazwa na kuangaliwa kwa karibu, bila kisu.

Tueleze ukweli wa jinsi alivyoumia, hata kama alikuwa na dada wa kazi, hata kama alipigwa. Tunauliza ili tujue pa kutafuta jeraha, na ili awe salama akirudi nyumbani. Kwa ajali ya barabarani au kupigwa utaulizwa fomu ya polisi, PF3. Mtume ndugu aifuate polisi, wewe nenda na mtoto hospitali.

Kama hana dalili yoyote

Mwangalie kwa saa 48. Mwache alale akitaka. Si kweli kwamba akilala tu atakufa. Ila usiku wa kwanza mwamshe kila baada ya saa 2 au 3. Anapaswa kukutambua, kunyonya au kuongea kama kawaida yake, na kusogeza mikono na miguu yote. Kila ukimwamsha, gusa viganja vyake na angalia tumbo lake. Kwa maumivu madogo mpe parasetamo kwa kipimo cha uzito wake. Waambie na wengine wanaomlea, ili anayebaki naye ajue cha kutazama.

Na kama moyo wako unakuambia mtoto huyu si yule ninayemjua, mlete. Hakuna muuguzi anayepaswa kukugombeza kwa kuleta mtoto mzima. Tunafurahi zaidi kukurudisha naye nyumbani akitembea mwenyewe.